Foleni ya Malaba: Historia ya Sukari na Insulini Mwilini

Nakusalimu wewe uliye Butula, Bumala na Nambale, wewe mama unayepanga samaki sokoni Busia, na wewe dereva uliyekwama pale Malaba ukisubiri karatasi zako zigongwe muhuri. Vuta kiti, tuzungumze.

Kuna swali moja ambalo halikosi kuulizwa kila tunapogusia ugonjwa wa sukari. Huulizwa sokoni, huulizwa matangani, huulizwa hata kwenye benchi la zahanati: "Wazee wetu walikula ugali wa wimbi na muhogo, wakaishi hadi uzee. Huu ugonjwa wa sukari umetoka wapi?" Ni swali zuri, tena ni swali la historia. Leo tutalijibu kwa historia. Lakini kwanza tuelewe sukari inafanya kazi gani mwilini.

MALORI NA LANGO

Ukila ugali, viazi vitamu, chapati au ndizi, tumbo na utumbo huvisaga vyakula hivyo mpaka viwe sukari ndogo iitwayo glukosi. Sukari hiyo huingia katika damu na kusafirishwa mwili mzima. Usiione kuwa adui. Hiyo ndiyo kuni ya mwili. Bila hiyo hulimi, hutembei wala hufikiri.

Sasa fikiria barabara ya Malaba. Damu ni barabara. Sukari ni malori yaliyojaa shehena. Misuli yako ni maduka yaliyo ng'ambo ya mpaka, yanayongojea bidhaa. Lori haliwezi kuvuka hivi hivi. Linahitaji afisa wa kufungua lango. Afisa huyo mwilini ni insulini, na hutoka katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Ukishakula, kongosho hutoa insulini, malango ya misuli hufunguka, malori yanavuka, barabara inabaki wazi.

Insulini ina kazi ya pili. Ini ni ghala la sukari. Insulini huliambia ini: "Chakula kimefika, weka akiba, usitoe malori mengine." Usiku ukiwa umelala na hujala, insulini hupungua na ini hutoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose.

Je, afisa asipokuja kazini? Malori hupanga foleni kilomita kwa kilomita. Mabaya zaidi, ghala la ini halipati amri ya kufunga, nalo huzidi kutoa malori mengine. Barabara imejaa shehena, na ng'ambo maduka ni matupu. Huo ndio ugonjwa wa sukari: njaa katikati ya shibe. Sukari ikizidi sana katika damu, figo hushindwa kuirudisha yote, ikamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa mara kwa mara, hushikwa na kiu isiyoisha, na hukonda hata kama anakula vizuri.

UGONJWA WA ZAMANI SANA

Sasa turudi kwenye swali letu. Ugonjwa huu haukuzaliwa jana, wala haukuletwa na soda. Maandishi ya kiganga ya Misri ya kale, ya karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanataja watu wanaokojoa kupita kiasi. Waganga wa Bara Hindi waliona sisimizi wakikimbilia mkojo wa baadhi ya wagonjwa, wakauita ugonjwa huo "mkojo wa asali". Karne ya 2 baada ya Kristo, tabibu mmoja Mgiriki aitwaye Aretaeus aliandika kwamba nyama ya mgonjwa huyeyuka na kutoka kwa mkojo. Mwaka 1776, daktari Mwingereza Matthew Dobson alionyesha kwamba utamu ule ulikuwa sukari halisi, na kwamba hata damu ya mgonjwa ilikuwa tamu.

Lakini chanzo hakikujulikana mpaka mwaka 1889, kule Strasbourg. Madaktari wawili, Oskar Minkowski na Josef von Mering, walimtoa mbwa kongosho. Mbwa yule alianza kukojoa ovyo, na mkojo wake ulijaa sukari. Hapo ikajulikana kwamba ndani ya kongosho kuna kitu kinachotawala sukari. Ni kitu gani? Hakuna aliyeweza kukitoa.

MENGO, 1901

Huku kwetu, tuvuke mpaka. Mwaka 1897 daktari mmisionari Albert Cook alifika Buganda na kuanzisha hospitali ya Mengo, katika Kampala ya leo. Siku hizo reli haikuwa imefika kwetu, na misafara ya kutoka pwani kwenda Uganda ilikuwa ikipitia Mumias, jirani zetu hapa. Cook alikuwa mtu wa kuandika kila mgonjwa aliyemwona. Mwaka 1901 alichapisha taarifa ya magonjwa aliyoyakuta Uganda. Kuhusu ugonjwa wa sukari alisema mambo mawili: si wa kawaida, na unaua sana.

Msikilizaji, yaweke maneno hayo mawili pamoja uyatafakari. Ugonjwa unaoua upesi huonekana kwa nadra, kwa sababu mgonjwa hafiki hospitalini, na akifika hakai. Mtoto anaanza kukonda, anakunywa maji mtungi mzima, anatapika, anapumua kwa kasi, na baada ya siku au wiki chache anazikwa. Nani angejua ni sukari? Kijijini wangesema ni homa, au amerogwa. Kwa hiyo tunaposema wazee wetu hawakuwa na ugonjwa huu, tukumbuke kwamba wengine waliokuwa nao hawakuishi kuwa wazee.

Wala Cook hakuwa nyuma ya wenzake. Mwaka ule hata London na New York mtoto mwenye kisukari hakuwa na tiba. Baadaye, kabla ya mwaka 1922, madaktari wa Marekani kama Frederick Allen walichoweza kufanya ni kumnyima mgonjwa chakula ili sukari ishuke. Watoto walibaki mifupa mitupu. Waliongezewa miezi, pengine miaka michache, ya kuishi na njaa.

TORONTO, 1921 NA 1922

Katika kiangazi cha mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, daktari kijana Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best walianza kutafuta kile kitu cha kongosho. Walifanya kazi katika maabara ya Profesa John Macleod, na baadaye mtaalamu wa kemia James Collip akajiunga nao. Walifaulu kupata maji ya kongosho yaliyoteremsha sukari ya mbwa.

Tarehe 11 Januari 1922 walimdunga mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Alikuwa na uzito wa kilo 30 hivi, karibu kufa. Sindano ya kwanza haikusaidia sana, kwa kuwa dawa ilikuwa chafu, nayo ilimletea jipu. Collip alishinda maabara akiisafisha. Tarehe 23 Januari walimdunga tena. Sukari ikashuka, sumu ya asidi ikaondoka mwilini, na kijana akapata nguvu. Leonard aliishi miaka 13 zaidi, akafariki mwaka 1935 kwa ugonjwa wa mapafu.

Waliovumbua walikiuzia chuo chao hataza ya dawa hiyo kwa dola 1 kila mmoja, kwa nia kwamba dawa hiyo isiwe mali ya mtu mmoja. Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Siku ya kuzaliwa ya Banting, tarehe 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani.

Kwa miaka mingi insulini ilitengenezwa kutoka kongosho za ng'ombe na nguruwe. Jambo hili liliwatia shaka ndugu zetu wengi Waislamu. Tangu mwaka 1982 kuna insulini iliyo sawa na ya binadamu, ambayo hutengenezwa kwa kutumia vijidudu vidogo katika kiwanda. Hiyo ndiyo inayotumika sana leo.

AFISA YUPO, LANGO LIMESHIKA KUTU

Mpaka hapa tumezungumzia kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Kongosho huacha kutengeneza insulini. Afisa hayupo kabisa. Mgonjwa wa aina hii akikosa insulini hufa.

Aina ya pili ni tofauti, na ndiyo inayowapata watu wengi zaidi. Hapa afisa yupo, lakini lango limeshika kutu. Anasukuma, linafunguka kidogo tu. Kongosho huleta maafisa zaidi na zaidi, na kwa miaka mambo huonekana sawa. Kisha maafisa huchoka, na foleni huanza. Kutu hiyo huletwa na mambo mengi: kurithi katika ukoo, mafuta yanayojaa tumboni, umri, na mwili kutofanya kazi.

Je, aina hii nayo ilikuwepo zamani? Ilikuwepo, lakini kidogo. Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, kisha akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza katika Afrika, akieleza jinsi magonjwa kama haya yalivyokuwa machache kwa watu wa vijijini. Baadaye yeye na Denis Burkitt, aliyekuwa daktari mpasuaji Mulago, walisisitiza kwamba chakula kisichokobolewa, chenye makapi yake, ni kinga. Mwaka 1989 watafiti wa Dar es Salaam walioongozwa na Donald McLarty walichapisha vipimo vya watu wazima katika vijiji 6 vya Tanzania. Waliokuwa na kisukari walikuwa chini ya mtu 1 kwa kila 100.

Kwa hiyo wale wanaosema wazee walikuwa nacho kidogo wana ukweli wao. Tutazame basi maisha yetu yalivyobadilika.

Chukua boda boda. Kazi hii ilianzia hapa hapa mpakani miaka ya 1960. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na mwendo, na vijana wa baiskeli waliita abiria wakisema "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Kijana yule alikanyaga pedali tangu alfajiri hadi jioni, abiria nyuma na gunia mbele. Misuli inapofanya kazi hufungua mlango wa pembeni, sukari ikaingia bila kungoja insulini nyingi. Ni njia ya panya, lakini hii haina makosa kwa serikali! Tangu miaka ya 2000 pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli nyingi. Kipato kimepanda, nami nafurahi. Lakini mwendeshaji sasa hukaa kutwa nzima, mchana akala chapati na soda, na abiria naye ambaye angetembea, hatembei.

Chukua pia kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973. Kipande cha shamba kilichokuwa cha wimbi na mtama kikawa cha miwa, na chai yenye vijiko vinne vya sukari ikawa ndiyo heshima ya mgeni. Sisemi sukari peke yake ndiyo huleta kisukari. Nasema shehena imeongezeka wakati kazi ya mikono inapungua.

MUHOGO HAUNA HATIA

Hapa lazima nitetee chakula chetu. Miaka ya 1970 na 1980 wataalamu fulani walidhani muhogo huleta kisukari, kwa sababu muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Wengine huku bado wanayarudia maneno hayo. Watafiti wale wale wa Tanzania walikwenda Nyambori, kijiji cha mkoa wa Mara, ambako watu walikula sana muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri. Miili yao ilikuwa na dalili za sumu hiyo, tena baadhi walipata ugonjwa wa kupooza miguu. Lakini kisukari hakikuwa kingi kuliko katika vijiji visivyotegemea muhogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992. Kwa hiyo muhogo uandae vizuri: uloweke au uuvundike, uukaushe sawasawa. Ugali wake uliochanganywa na mtama au wimbi ni chakula cha heshima. Kwa mwenye kisukari, kinachoangaliwa ni kiasi: ugali uwe robo ya sahani, mboga kama mrenda na kunde zijaze nusu, na robo iliyobaki iwe samaki au maharagwe.

MWAKA 1901 BADO UKO NASI

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nikuletee historia hii. Insulini imekuwepo kwa zaidi ya miaka 100. Hata hivyo, kuna nyumba huku kwetu ambamo kalenda bado inasoma 1901.

Mtoto wa darasa la sita anaanza kukojoa kitandani, jambo aliloacha zamani. Anakunywa maji usiku. Anakonda. Kisha anatapika, tumbo linauma, anahema, na pumzi inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Kwa kuwa Busia ni nchi ya malaria, anapewa dawa ya malaria. Siku ya tatu haamki. Mama, baba, hiyo si malaria peke yake. Ng'ambo ya lango kuna njaa, mwili umeanza kuchoma mafuta yake, na asidi imejaa kwenye damu. Tone moja la damu kidoleni lingeonyesha. Ukimpeleka mtoto mwenye dalili hizi, omba apimwe malaria na sukari pia, siku hiyo hiyo.

Na si watoto tu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015, karibu watu wazima 88 kwa kila 100 walisema hawajawahi kupimwa sukari. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wazima milioni 24 katika Afrika walikuwa na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawakujua. Foleni ikikaa miaka bila kujulikana huharibu barabara yenyewe: macho hufifia, figo huchoka, miguu hufa ganzi na kidonda kidogo kikageuka kukatwa mguu.

Kuna jambo lingine. Wengi husema, "Ukianzishiwa sindano ya insulini, umekwisha." Ukitazama historia utaona ni kinyume. Leonard Thompson alikuwa amekwisha kabla ya sindano. Mwenye aina ya kwanza asiache insulini hata siku moja, hata akiwa mgonjwa, hata akiombewa, hata akipewa mitishamba. Akiwa mgonjwa na hali vizuri, awahi hospitali aelekezwe kipimo. Mwenye aina ya pili huweza kutumia vidonge kama metformini, ambayo huliambia ghala la ini lipunguze kutoa sukari. Baada ya miaka akihitaji insulini, ajue maafisa wake wamechoka na wanaongezewa nguvu.

Huna friji? Insulini iliyofunguliwa hudumu wiki 4 hivi mahali penye ubaridi wa kawaida, lakini joto la Busia huiharibu. Tumia akili ya bibi zetu: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa maji, na kitambaa kibichi juu. Kiweke kivulini penye upepo. Chupa ifungwe kwenye karatasi ya nailoni isiingie maji. Na aliye na friji asiiweke mahali pa barafu, maana ikiganda haifai tena.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Dalili ni kukojoa mara kwa mara, kiu nyingi, kukonda, uchovu na kutoona vizuri. Aina ya pili huweza kukaa miaka bila dalili.

2. Sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula asubuhi, au 11.1 au zaidi wakati wowote ukiwa na dalili, ni kisukari. Kama huna dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine.

3. Anayetumia insulini akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka mno. Mpe soda au maji ya sukari mara moja, kisha ale. Akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

4. Ulizia kipimo na kliniki ya kisukari katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Busia, Khunyangu kwa walio Butula, au Kocholya kwa walio karibu na Malaba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Je, katika kijiji chenu ni nani aliyekufa baada ya kukonda na kunywa maji mengi, mkasema amerogwa? Mwendesha boda boda wa kikundi chenu atapata wapi nusu saa ya kutembea kila siku? Nani hapa hajawahi kupimwa?

Msikilizaji, Daktari Cook aliandika "unaua sana" kwa sababu hakuwa na la kufanya. Sisi tunalo. Wiki hii, kabla hujasikia kipindi kijacho, nenda ukapimwe, na umshike mkono mmoja wa nyumbani mwende naye. Kwa leo ni hayo. Kwaheri, na afya njema kwako na jamaa zako.